Betri za Kagari na Msiba wa Mama

Habari za kifo cha mama zilinikuta nimepiga magoti nyuma ya wodi ya wazazi, nimeinua kiti cha kigari, naongeza maji kwenye betri. Simu iliita, nikaona ni dada yangu, nikaiacha iite mpaka nimalize tundu nililokuwa nalo. Maji ya betri hayataki haraka. Ukizidisha, siku ya kuchaji yanafurika, tindikali inakula chuma chote kilicho chini. Nilipofuta mikono na kumpigia, alikuwa analia. Nakumbuka nilifunga vifuniko vyote kwanza, kimoja baada ya kingine, ndipo nikasimama.

Kigari chenyewe kilikuwa cha umeme, cha aina ile wanayoendea watu kwenye viwanja vya gofu. Kituo chetu cha afya kilikipata kwa wafadhili, ndani ya kontena, pamoja na vitanda vya chuma na magongo. Watu wa pale Kamuli walikicheka. Walikiita kagari, wakauliza kama kinakula majani. Lakini kituo kiko juu kilimani na geti liko chini barabarani, na katikati kuna njia ya mawe ambayo mama mwenye uchungu alikuwa anaipanda kwa miguu, akishikilia migomba ya watu, au anabebwa kwa machela. Kagari kalipoanza kuwapandisha, bila kelele, bila moshi, kicheko kiliisha. Bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe aliniambia, "Waitu, haka kametumwa na Mungu." Nilimjibu kwamba kametumwa na Mungu, lakini maji kanawekewa na mimi.

Sikuwa natania. Kazi yangu pale ilikuwa mabomba, taa na vitasa, lakini kigari ndicho nilichokipenda. Kilikuwa na betri nne chini ya kiti. Kila Jumatatu nilizisafisha vichwa kwa maji ya magadi, nikapaka grisi, nikafungua vifuniko na kuchungulia kama maji yamefunika vyuma vya ndani. Nilikuwa na kibomba cha kioo chenye boya ndani yake: unanyonya tindikali kidogo, boya likielea juu betri ina afya, likizama ujue inaelekea kufa. Nilikuwa mkali. Muuguzi mmoja aliwahi kuniletea jagi la maji ya kunywa, akasema ni safi, yamechemshwa. Nilimwambia kuchemshwa ni kwa ajili ya tumbo la mtu. Betri inataka maji yaliyovukizwa, yasiyo na chumvi yoyote. Alininunia wiki nzima.

Betri zile zilizokuja na kigari zilichoka mapema. Aliyetutafutia mpya, za ukubwa uleule na rangi ileile nyeusi, ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Alikuwa na saluni ya kunyoa pale senta, na pembeni alikuwa fundi wa sola. Nilimfundisha mimi mwenyewe kupima betri, naye alikuwa mwepesi wa kuelewa. Zile zilizochoka alipewa akauze chuma chakavu. Zile mpya nilizitia alama juu, nukta za rangi nyekundu ya kucha niliyoiomba kwa dada, ili nijue ipi ni ya kwanza na ipi ni ya mwisho. Nilizipaka vibaya, rangi ikachuruzika, dada akanicheka.

Basi mama akafa, nyumbani Bweranyange, kwenye kibanja chetu cha migomba ambako nguzo za umeme hazijafika. Siku zile kigari kilikuwa kimesimama, tairi lake linasubiriwa kutoka Mwanza. Mganga mfawidhi aliniita ofisini, akanipa pole, akasema, "Chukua betri ukaweke taa na spika msibani. Mama yako ni mama yetu." Nililia pale pale mbele yake. Shemeji akaleta pikapu na inveta, tukazipakia.

Sasa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo mtu atadhani nilikuwa mjinga. Kwetu mtoto wa marehemu hagusi kazi. Hashiki jembe, hapasui kuni, habebi kitu. Anakaa kwenye nyasi zilizotandikwa, anapokea pole. Kazi zote ni za wakwe: wao ndio wanaochimba kaburi, wanaochinja, wanaohangaika na maji na pombe ya watu. Na mkwe wetu alihangaika, siwezi kumnyima haki yake. Taa ziliwaka migombani kote. Kwaya iliimba ikasikika hadi ng'ambo ya bonde. Wazee walimsifia, wakasema binti yetu ameolewa. Baada ya maziko yeye ndiye aliyetunyoa nywele sisi watoto wote, kwa mashine yake, taratibu, akikipitisha kitambaa shingoni kwangu kama ninavyomfutia mwanangu.

Nilitaka kurudi na betri. Akanishika bega, akaniita shemeji kwa lugha ya kwetu. "Muramu, wewe ni mfiwa. Kaa na baba zako wadogo. Nitazirudisha mimi na kuzifunga, si ulinifundisha?" Nikashukuru. Nilimwambia dada mbele ya watu kwamba ana mume.

Niliporudi kazini, tairi lilikuwa limefika na betri zilikuwa mahali pake, zimesafishwa, nukta nyekundu juu. Nikafunga tairi, nikachaji. Taa ya chaja ilionyesha kijani haraka mno. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke mnene mwenye mapacha tumboni. Tulifika katikati ya kilima, kigari kikapunguza mwendo, kikasimama, kikaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Alishuka, akapanda sehemu iliyobaki akiwa ameniegemea.

Niliinua kiti. Kibomba kilinyonya tindikali ya rangi ya chai, na boya likazama kwenye betri zote nne. Betri mpya hazifi zote kwa pamoja ndani ya wiki mbili. Nikazitoa nje juani. Ya tatu ilikuwa na kovu la kuungua kwenye mshikio, na kovu hilo nililijua kwa sababu cheche iliyolitia iliniunguza kidole mwaka ule kigari kilipofika. Zilikuwa zile chakavu. Zilikuwa zimerudi nyumbani kwa sabuni na maji.

Nikakaa juu ya jiwe. Nilichohisi kwanza ni aibu, kana kwamba mwizi ni mimi. Hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja haikuondoka. Mtu huyu aliniibia nikiwa nimekaa kwenye nyasi, nimefungwa mikono na desturi, namlilia mama yangu. Alichagua siku hiyo.

Na bado sikuweza kusema. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na kabla ya hapo huwezi kumshitaki mtu wa nyumba yenye msiba. Utaonekana umegombana juu ya kaburi la mamako. Kwa hiyo niliponyamaza, wengine wakasema. Nilisikia jikoni kwamba betri niliziuza ili kugharamia msiba. Mganga mfawidhi aliniuliza kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi. Nikamwomba anisubiri mpaka matanga yaishe. Alikubali, lakini ufunguo wa kigari akauweka kwenye droo yake.

Siku ya pili baada ya kuanua matanga nilikwenda kwa dada. Shemeji hakuwepo. Dada alikuja mbio mlangoni, "Shikamoo kaka," akanipokea mfuko, akaniletea kisahani cha kahawa ya kutafuna kama kawaida yetu. Sikuigusa. Nilitazama ukutani, nikafuata waya kwa macho mpaka kona ya nyuma ya kabati. Betri zangu zilikuwa pale, zimefunikwa kitenge. Zilikuwa zinawasha friji ya soda.

Nilikuwa nimekuja kumwonea huruma. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumweleza mume wake ni mtu gani. Nikamwuliza tu, "Zile nukta kwenye betri chakavu, alizipaka nani?" Nilitegemea aulize nukta gani. Nilijua zilikuwa zimepakwa vizuri, hazikuchuruzika, lakini moyo wangu ulikuwa umekataa kufika huko.

"Nilipaka mimi," alisema.

"Siku gani?"

"Siku ya maziko, kaka. Nyuma ya nyumba."

Mama yake alikuwa chini ya udongo mbichi hatua chache kutoka hapo. Nilimwuliza kama alijua wataniita mwizi. Alisema alidhani wazungu watatuma nyingine. Kisha akapandisha sauti, na akasema neno ambalo nadhani alikuwa amelitayarisha siku nyingi: "Wewe betri zako zitapatikana. Mimi mume wangu ni mmoja." Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Langu lilinitafuna na mifupa.

Nilifungua vifuniko. Vyuma vya ndani vilikuwa wazi, vikavu, vimeshika ukungu mweupe. Zilikuwa zimefyonzwa mpaka mwisho, tena na tena, bila tone la maji, na mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe. Hata alichoiba alishindwa kukitunza. Nadhani nilipiga kelele, maana majirani walitoka.

Nilisema yote. Nilimwambia mganga mfawidhi, nikawaambia wazee wa kanisa, nikataja jina la dada yangu mbele yao huku baba mdogo akinikonyeza ninyamaze. Betri zilirudishwa kwenye toroli mchana kweupe. Nilizijaza maji, nikazichaji polepole, nikazibembeleza mvua zote za vuli. Moja ilifufuka kidogo. Tatu hazikufufuka, na kigari hakiendi kwa betri moja. Kimeegeshwa nyuma ya wodi ya wazazi, kuku wanatagia chini yake. Nilirudishiwa heshima yangu, ndiyo, lakini machela nayo ilirudi.

Dada hakunisemesha tena. Ukoo uligawanyika, na wengi wako upande wake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanika nguo za ndani za nyumba yetu. Sawa.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, mlinzi aliniita kutoka getini kwamba kuna mama mwenye uchungu na wabebaji hawatoshi. Nilishuka nikikimbia. Dada yangu alikuwa amelala kwenye machela, amefumba macho, khanga imelowa. Mume wake alikuwa ameshika mpini wa mbele. Hatukusalimiana. Nilishika wa nyuma, upande wa kichwa chake, mlinzi na dereva wa bodaboda wakashika iliyobaki, tukaanza kupanda. Mawe yalikuwa yanateleza. Tulipofika pale njia inapokuwa kali, uchungu ulimkamata, akajikunja, machela ikayumba, kidogo tumwangushe. Alifumbua macho akayaona mawe, akaiona mvua, akaona bado tuko katikati ya kilima.

"Kagari kako wapi?" alilia.

Hakuniuliza mimi. Alimwuliza mume wake. Naye hakugeuka, alibadilisha mkono, akainama, tukaendelea kupanda.