Saa ya Msumarini

Miaka ile ya utawala wa jeshi, saa nzuri haikuvaliwa barabarani. Askari akiipenda pale kizuizini, ndiyo basi, unasema asante afande na kwenda zako mkono mtupu. Mimi nilikusanya zile ambazo hata mwizi asingezigusa: saa za kutia ufunguo zilizokufa, kioo kimepasuka, mshale mmoja haupo. Nilikuwa fundi wa mashine za kufuma kiwandani Jinja, Mkenya wa watu, na kila siku ya soko nilitoka Buwenge na mbili tatu mfukoni. Mafundi saa wa Kihindi walikuwa wamefukuzwa nchini na vipuri havikuonekana, kwa hiyo nilitoa springi ya hii nikaitia kwenye ile. Ikianza kutembea, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nilijiona bingwa. Bingwa huyo akampenda binti wa Mbale, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake jirani yangu Nalufenya.

Baba yake, mzee wa Malukhu, kulekule Mbale, aliyestaafu kazi ya reli, hakuwa na haraka na Mkenya. Alinisikiliza, kisha akaniletea saa yake ya kazini, iliyokuwa imesimama miaka. Akasema niitengeneze, ikienda sawa na redio wiki nzima, tutazungumza habari za binti. Nikaona mambo yamekwisha, binti ni wangu.

Niliisafisha kwa petroli, nikabadilisha springi, nikaivaa wiki mbili chini ya shati la mikono mirefu, nikiirekebisha mpaka haikukosea hata nusu dakika. Nikaipeleka. Niliporudi baada ya wiki, mzee alinipokea amekunja uso: ilikuwa ikichelewa dakika kumi kila siku. Nikaifungua palepale, nikaitazama, kosa sikuliona. Nilimtaka binti yule, jamani, na nilikuwa nampoteza kwa dakika kumi.

Kwa mila yao ya Kigisu, mama wa binti hakupaswa kuonana uso kwa uso na mchumba kama mimi. Alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta. Mara nikamsikia akisema na kuku wake, tena kwa Kiswahili, ingawa kuku wale walizoea Kimasaba tu, lugha ya nyumbani:

"Nani aliwaambia saa ile inavaliwa? Inakaa msumarini, mchana na usiku."

Nikashika kichwa. Saa kuukuu ina tabia zake: mkononi inakimbia, ikining'inia inavuta miguu. Mimi niliipima mkononi, na mzee, kwa kuwaogopa askari, hakuwa ameivaa hata siku moja. Nikairudisha Nalufenya, nikapigilia msumari ukutani, nikaipima hapohapo. Nikamrudishia mzee, na safari hiyo ilienda na redio wiki nzima. Mzee akacheka, wazee wenzake wakaitwa, tukazungumza.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Kwa furaha yake, mzee aliivaa saa tangu Alhamisi, eti izoee mkono. Nami nilikuwa nimeirekebisha kwa ajili ya msumari! Nilifika kanisani kwa wakati barabara, nikamkuta mlangoni amekunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, saa inang'aa mbele ya watu wote, mara ya kwanza tangu jeshi lishike nchi. Akanionyesha mishale.

"Umechelewa dakika ishirini, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Nimechelewa."