Hewa ya Chumba cha Chini

Mwaka 1989 Anatolia, fundi cherehani mzaliwa wa Kagoma, alikuwa akilea watoto wake wawili, Lameki na mdogo wake, na wanne wa dada yake marehemu katika vyumba viwili vya kupanga mjini Bukoba. Ndipo akasikia kwamba Damayanti, mjane wa mwenye duka Prabhudas, anauza nyumba yake ya mawe ili akaishi na binti yake Jyoti huko Mwanza.

Walipatana upesi. Siku ya kuandikishana, Damayanti alimmiminia chai, ya kwake asiiguse.

"Mama Lameki, kuna jambo. Mume wangu alikufa kwa saratani ya mapafu, na sigara hakuwahi kuvuta. Miaka mingi alishinda chumba cha chini akipanga mali ya duka. Harshad, mtoto wa kaka yangu, ni mtaalamu wa miamba. Anasema kuna gesi inaitwa radoni, haionekani wala hainuki. Hutoka ardhini, ikajikusanya ndani ya nyumba. Ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta saratani hiyo."

Majirani walikuwa wamemwonya Anatolia kuwa ugonjwa uliomuua Prabhudas, waliodhani ni Ukimwi, umebaki katika nyumba ile, naye akawapuuza. Alikuwa amemuuguza mumewe na dada yake hadi mwisho, akajua Ukimwi haukai ukutani. Hili la gesi hakulijua.

"Waitu, ndugu yangu, ungenyamaza tu, mimi ningenunua."

"Una watoto," Damayanti akasema.

Wakaahirisha kuandikishana. Harshad akaja, akaweka vikopo vya kupimia gesi juu na chini, visiguswe kwa miezi kadhaa, kisha vipelekwe maabara ya nje. Kungoja kulimchosha Anatolia. Shemeji yake Gamaliel alimsihi arudi Kimwani, kijijini kwa marehemu mumewe, akalime, lakini watoto walikuwa wameshazoea shule. Akaenda kutazama nyumba nyingine. Moja ilivuja, nyingine ilikuwa bondeni kwenye maji. Kila mara moyo ulimrudisha kwenye ile ya mawe.

Harshad aliporudi na majibu, aliwakuta wanawake wote wawili wamesimama mlangoni.

"Juu ni salama," akasema. "Chini gesi ni nyingi mno."

Anatolia akageuka kuondoka.

"Subiri, mama. Shangazi, yale madirisha ya chini yalizibwa lini?"

"Wakati wa vita, kama miaka kumi iliyopita. Ndege zilipokuja kupiga mabomu tulijificha humo, mjomba wako akayaziba kwa matofali. Vita vikaisha, tukayasahau."

"Basi hewa haina pa kutokea."

Mwashi mmoja, Datius, akabomoa matofali yale, akaziba nyufa za sakafu kwa saruji, akatoboa matundu ili upepo wa ziwani upite. Kipimo cha pili kilionyesha gesi ya chini imepungua sana, karibu sawa na ya juu.

"Fungueni madirisha, na chini asilale mtu," Harshad akasema. "Mtaishi bila hofu."

Damayanti akauliza kwa sauti ndogo, "Ndiyo iliyomuua?"

"Shangazi, hilo hakuna awezaye kulijua."

Akaitikia kwa kichwa. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, hata bila jibu.

Siku ya kuhamia, watoto walikimbia chumba hadi chumba wakigombea pembe za kulala. Anatolia alipika ebitoke, ndizi za Kihaya, akamzuia Damayanti asiondoke bila kula.

"Hamna samaki humo?" Damayanti akauliza, kwa kuwa hakuwa akila nyama wala samaki.

"Maharage tu, Mama Jyoti."

Akaketi mkekani pamoja nao, akala, akaomba aongezewe.