Ndoo ya maganda kwenye matanga

Huku Butembo mtu haendi matangani mikono mitupu. Unabeba kuni, maana waombolezaji watakaa siku kadhaa na lazima wapikiwe. Basi juzi nilikwenda kwa jirani aliyefiwa na mamake mzee, gogo la mkaratusi begani, najiona mtu wa adabu kweli. Mbele yangu mama mmoja alibeba ndoo iliyofunikwa kitenge safi. Mjomba wa wafiwa, mgeni kutoka Alimbongo, akafunua: maganda ya ndizi na mihogo.

"Mama, unaleta takataka ku matanga?"

"Hapana takataka, papa. Ni kuni."

Akamwonyesha shimo lililofunikwa nyuma ya nyumba, na mpira mwembamba uliotoka humo hadi jikoni.

"Hii shimo tunaikulishaka maganda na mavi ya ngombe. Vikioza, vinatupatia gazi ya kupikia. Ku pori kuko basoda na bunduki zabo, papa. Bamama ba avenue yetu balikuwa banaenda kule kutafuta kuni. Bamoja habakurudi."

Mjomba akavua kofia. Akaipokea ndoo kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea sadaka.

Gogo langu walilifanya kiti, nikalikalia mwenyewe. Maharagwe yakaiva bila moshi. Nimekula matanga mengi tangu vita hii ianze, na kila mara nililalamikia chumvi. Safari hii nilisema asante kabla ya kuonja, maana wale mama wa avenue walipokuwa wakipakua niliwahesabu kimyakimya, na tangu matanga yaliyopita hakuna hata mmoja aliyepungua.