Tulivyompelekea Komanda Bia Ruziba

Ninyi ndugu zangu wa Uvira mmenisumbua siku nyingi mkitaka niwasimulie tulivyokwenda Ruziba kumuona Claver wakati wa vita. Haya, kaeni. Nilikuwa nakataa kwa sababu kila nikianza, Baba Claver hunikatiza na kutia maneno yake, na kwa maneno yake safari ile inakuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Leo hayupo, ameenda kwenye mazishi. Nitasema kama nilivyoona.

Sababu ya kuondoka ilikuwa moja tu: kumtoa mtoto wetu mdomoni mwa risasi. Claver, kifungua mimba wangu, alikuwa anamaliza chuo cha maofisa wa jeshi. Alibakiza mazoezi ya mwisho, kulala hemani huko Ruziba, kusini mwa Bujumbura, kando ya ziwa. Baada ya hapo ni kiapo, halafu kila mmoja anapangiwa kazi. Mwenye mtu wa kumsemea angekaa ofisini mjini. Asiye na mtu angepelekwa milimani, na wakati ule vijana walikuwa wanarudishwa kutoka milimani kwenye malori, wamelazwa. Jumapili moja wazazi wakaruhusiwa kutembelea. Tukajua hiyo ndiyo nafasi yetu ya kuomba.

Na aliyempeleka mtoto jeshini ni nani? Si ni baba yake! Karani wa wizara, mtu ambaye panya akipita jikoni ananiita mimi. Yeye ndiye aliyetaka mwanaume nyumbani. "Chuo kitamukomaza," alisema. Weee, kikamkomaza kweli. Likizo ya kwanza mtoto alirudi amekonda, akalala kutwa. Ya pili akakunja blanketi pembe nne mpaka dada yake akaogopa kukaa kitandani. Ya tatu akawa anaosha sahani yake mwenyewe, na ukimuuliza neno ananyamaza kidogo kwanza, ndipo anajibu. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini sikushtuka. Baba yake alikuwa anazunguka mtaani kwetu Ngagara kifua mbele, utadhani gwanda anavaa yeye. Kisha milio ya bunduki ikasogea, vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka, na mambo ya nchi na heshima na uanaume yakamwisha mdomoni. Ikawa, "Mama Claver, tutafanya aje?"

Ngagara, asubuhi. Tulipakia kaziye ya bia, yaani kreti zima, kwenye kamioneti, pikapu ya shemeji wa mume wangu anayeuza saruji. Ninyi wa ng'ambo mtacheka, lakini Bujumbura hakuna jambo kubwa linaloombwa kwa mdomo mkavu. Unapeleka bia, na unapeleka mtu anayejua kusema. Yule msemaji atazungumza juu ya mvua, juu ya ng'ombe, juu ya babu wa babu, na mwisho kabisa ataligusa jambo lenyewe kwa ncha ya kidole. Bia ikifunguliwa, lile lililosemwa juu yake ndilo ombi lenu. Halirudiwi, halibadilishwi. Msemaji wetu alikuwa Mzee Gaspard, jirani, aliyeozesha nusu ya mabinti wa mtaa wetu kwa ulimi wake. Alikuja amevaa koti la harusi. Wanaume wakakaa mbele na dereva, mimi nikapandishwa nyuma kuishikilia kaziye, juu ya vumbi la saruji. Gauni langu la kanisani!

Kanyosha, kwenye bariyeri, kizuizi cha askari. Barabara ya kusini ilikuwa inafunguliwa askari wakishaikagua, na alasiri inafungwa, anayechelewa shauri yake. Askari mmoja akachungulia nyuma.

"Mama, munaenda fasi gani na iyi pombe yote?"

Kabla sijajibu, Mzee Gaspard akashuka, akavua kofia, akaanza: "Mwanangu, mvua ikinyesha hairuki shamba la mtu..."

"Muzee," askari akamkata, "mi nimekuuliza njia. Apana historia ya inchi."

Akatoa chupa moja, akaishika, akairudisha. "Iko moto." Nyuma yetu yalikuwa yamefika magari mengine mawili ya wazazi, nayo yamejaa kaziye. Askari akayatazama, akatutazama. "Leo komanda atalewa," akasema, akainua mti.

Tukashika njia ya Ruziba. Kulia ziwa, kushoto milima, na hakuna aliyegeuza shingo kushoto. Tukapishana na watu wanaokuja mjini na magodoro kichwani, mama mmoja amebeba mlango wa nyumba yake. Mlango tu. Nikasali rozari yangu huku nimekumbatia bia. Mama Maria anisamehe, mikono ilikuwa miwili tu.

Ruziba, jua limepanda. Walitukalisha chini ya turubai, karibu na mahema. Vijana wakapita mbele yetu kwa mstari, na mimi sikumtambua wangu mpaka aliponipita. Mabega yale aliyatoa wapi? Nilimuita, "Claver!" na mstari mzima hakuna aliyegeuka, hata yeye. Nilitokwa na machozi, basi mama mmoja kando yangu akanipa kona ya kitenge chake nipanguse. Alikuwa amekuja kwa miguu toka Buterere, huko chini kwenye mashamba ya mpunga, mji mzima kaukata tangu alfajiri. Hakuwa na kaziye. Hakuwa na msemaji. Alikuwa na kifurushi cha mchele uliopikwa. Mwanawe, Onesime, alikuwa hema moja na Claver. Aliwahi kuwa na watoto wengine. Nilimuuliza wako wapi, akatikisa kichwa, nikaacha.

Kisha komanda wa vijana akakaa mbele yetu. Mtu mwembamba, kijiti cha meno mdomoni, sura ya mtu aliyechoka kudanganywa. Na wazazi wakaanza kumdanganya.

Ndugu zangu, sijawahi kuona! Kila familia na kaziye yake, kila familia na Gaspard wake. Mzazi wa kwanza, mfanyabiashara, msemaji wake alianzia kwenye uumbaji wa dunia na kuishia kwenye nyayo za kijana: eti ni bapa, hawezi kupanda mlima. Wa pili, kijana wake haoni giza likiingia. Wa tatu, mgongo. Wa nne, mgongo tena, na baba wa huyu wa nne akamkasirikia yule wa tatu kwamba amemuibia ugonjwa. Sisi tulikuwa tumepanga pumu. Hawa ndio watu waliokuwa wakijigamba mitaani kwamba watoto wao ni simba! Na hao simba wamesimama pale juani, wazima kama chuma, wanasikiliza magonjwa yao yakitajwa, masikio yamewaka moto kwa aibu.

Komanda akatoa kijiti mdomoni. "Bazazi, asanteni. Naona nafundisha hospitali." Watu wakacheka kidogo, kwa woga. "Sikieni vizuri. Fasi ya mujini iko moja. Kule mu stoo ya blanketi. Moja tu. Mwenye kubakia kusema, aseme."

Tulikuwa tumebaki sisi. Nafasi moja! Nilimfinya Gaspard, akasimama, akakohoa, akainua mkono. Na hapo mume wangu akafanya ujinga ambao ni mwanaume wa Bujumbura peke yake anaweza kuufanya.

Alimtazama Claver, ameng'aa buti, amenyooka, na wazazi wengine nao wanamtazama. Fahari ikampanda kichwani kuliko pombe. Badala ya kuacha Gaspard aseme, akachukua chupa ya kwanza kwenye kaziye yetu, akamkabidhi Claver mbele ya watu wote. Kwetu, baba akimpa mwanawe chupa ya kwanza hadharani, amesema: huyu si mtoto tena, mpeni nafasi aseme. "Asimame mwenyewe," baba akasema, "bamuone!" Gaspard alimvuta koti. Mimi nilimvuta koti. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Claver akanyamaza kidogo, kama kawaida yake mpya.

"Komanda, bazazi," akaanza, "mi sina mvua wala ng'ombe, nitasema kifupi. Iyi bia Papa ameileta kwa ajili ya mutoto wake. Na Papa alinifundisha tangu niko kadogo: mutoto mwenye kula kwako ni mutoto wako. Mu hema yetu tunakula sahani moja na Onesime. Mama yake ni ule pale. Ametembea toka Buterere. Amebakia naye peke yake, bengine bameisha. Sasa juu ya iyi bia ya Papa, naomba fasi ya stoo ipewe Onesime."

Akaifungua.

Gaspard alikaa chini mwenyewe. Onesime alikuwa ametoka kwenye mstari bila ruhusa, mdomo wazi, na hakuna aliyemkaripia. Komanda hakucheka wala hakukasirika. Akamgeukia mume wangu.

"Baba Claver. Hilo ndilo ombi yako?"

Kwa swali lile komanda alimpa njia, japo chupa ilikuwa imefunguliwa. Angeweza kusema mtoto amekosea, hajui desturi, angeaibika jioni moja, halafu tungekuwa na mtoto. Nilimtazama na macho yangu yote. Sema apana! Nilikuwa naomba kwa sauti kabisa, sijui kama watu walinisikia. Alisimama, akajaribu kufunga kifungo cha koti, akashindwa, akakiacha.

"Ndiyo, komanda. Mutoto amesema."

Na wale watu wa nyayo na migongo wakapiga makofi! Wakapiga kwa nguvu kuliko kanisani. Kumpigia makofi mtoto wa mwenzio anayekwenda kufa ni rahisi mno.

Nyuma ya mahema nilimkamata Claver kwenye mkono, nikamfinya kama alipokuwa mdogo, ila sasa mkono ule haukufinyika.

"We una kichaa? Nani alikutuma?"

"Mama, ningekaa mu stoo nahesabu blanketi, na Onesime ako kule juu. Ningekuangalia aje?"

"Na macho yako yote mbili, ukiwa muzima! Hivyo ndivyo ungeniangalia!"

Alicheka. Halafu kidevu kikaanza kumcheza, akageuka upande wa ziwa mpaka kikatulia. Hakujificha nisimuone, alingoja tu.

"Mi naogopa, Mama," akasema. "Naogopa sana. Lakini nimeisha sema."

Miaka ya nyuma angenililia begani. Siku ile ni yeye aliyeweka mkono wangu begani pake, akanitembeza taratibu mpaka kwenye gari, akimsalimia kila mzazi njiani kwa heshima yake. Mama Onesime alikuja, akanishika mikono yote miwili. "Mungu akulindie wako," akasema, basi. Nilitaka kumchukia mwanamke yule. Nilijaribu kwa moyo wote, nikashindwa, na hilo nalo likanikasirisha.

Kurudi, alasiri, kabla barabara haijafungwa. Safari hii nilikaa mbele. Wanaume wawili walipanda nyuma bila kuambiwa. Kupitia kioo nilikuwa namsikia Gaspard anamliwaza mwenzake, kwamba ombi lile lilikuwa fupi lakini lilipangwa vizuri, kwamba kijana ana kipaji. Tulipofika Kanyosha nikageuka, nikamuona Baba Claver analia, vumbi la saruji limemgandia usoni. Sikusimamisha gari. Nilikuwa na hasira bado. Lakini nyumbani nilimpa maji ya kuoga kabla hajaomba.

Ngagara, majirani walikuwa wanatungoja kwenye mlango. "Enhe? Mumemupata fasi?" Na mume wangu, macho mekundu, akavuta pumzi, akatunisha kifua kile kile. "Mwanangu amesema mbele ya komanda," akaanza. Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Claver alikaa milimani miaka. Sitawaambia alichokiona huko, hajaniambia. Alirudi anachechemea, na wenzake wa mstari ule, wenye nyayo nzuri na migongo mizuri, si wote waliorudi. Onesime yuko Buterere kwa mama yake, ana watoto.

Mnauliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba tulimpeleka mtoto chuoni ili wamfanye mwanaume, na walipomaliza kazi, tukaenda na bia kuwaomba watuharibie kazi hiyo. Na watu hapa mtaani wakiniuliza kama niliona fahari siku ile ya Ruziba, najibu ndiyo, Mama, sana. Naongopa. Siku ile nilimuona ni mjinga, na baba yake ni mjinga zaidi. Fahari ilinijia siku Claver alipoingia kwangu na fimbo yake, akakaa, akaomba chakula, nikamsikia anapumua.