Nyongeza Iliyokwama Mpakani

Nakumbuka asubuhi moja iliyoanza na krrraaa! Ni selotepu ikizunguka boksi letu la kwanza, na mlio ule bado ninao masikioni, mwanangu. Niache nikuite hivyo, ingawa mvi zangu bado nazihesabu.

Tulikuwa kikundi cha kina mama na wasichana wa Kirua Vunjo, Kilimanjaro, tunakausha ndizi. Duka moja la Nairobi lilitaka boksi la kuonja. Wakipenda, wangechukua kila mwezi. Nairobi! Siku hiyo hatukutembea, tuliruka. Ila unatujua sisi: mteja haondoki bila nyongeza. Basi mama yangu akachomeka juu mfuko wa maharage ya kihambani, shamba letu la migomba pale nyumbani. "Wajue tuna moyo," akasema.

Kesho yake simu ya dereva aliyebeba mzigo ikatoka Holili, mpakani. Boksi limezuiwa! Karatasi zinasema ndizi kavu, ndani kuna maharage yasiyo na kibali.

"Wachagga wazima, mabingwa wa biashara, tumeangushwa na maharage!" akasema shangazi. Tukacheka huku machozi yanatutoka.

Nikashuka mjini Moshi kwa Bi Shirin, ajuza ambaye ukoo wake umesafirisha viungo tangu enzi za babu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, mmetia nini humo?"

Nikamweleza. Akagonga meza. "Binti, upendo usioandikwa, mpakani huitwa magendo! Toeni maharage, ndizi zipite. Nyongeza ya mteja wa mbali ni boksi la pili kufanana na la kwanza."

Kisha akampigia wakala wake wa forodha, akanikalisha, akanifundisha kuandika kila kinachoingia boksini. Mimi wa darasa la saba!

Boksi likavuka. Wiki haijaisha, wakaagiza tena! Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Mwanangu, ukiuza nje usiuache ukarimu wa kwenu. Jifunze tu kwamba huko ukarimu ni kutoa ulichoahidi, vilevile ulivyoahidi. Na kuuliza si ujinga: mtafute aliyetangulia kabla hujafunga boksi, nawe kesho umfungulie mlango anayekufuata. Mungu akulainishie kila mpaka, na mikono yako inukie ndizi za nyumbani popote utakapofika.

Yale maharage dereva aliturudishia. Mvua ilipoanza, niliingia migombani peke yangu, nikayapanda.