Mgonjwa wa Kuigiza

Mtaani mama yangu mdogo anaitwa Bi Vituko, na jina hilo halikuja bure. Alikuwa fundi cherehani, na kila alipomaliza kumpima mteja alimwigiza mara tu anapotoka: mwendo wake, kikohozi chake, namna alivyobana tumbo alipozungushiwa futi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sifa hizo ndizo zilizomponza.

Kwenye ghorofa ya juu ya hospitali kulifunguliwa kituo cha kulea ubunifu wa tiba mtandao. Chuo kilileta watafiti, hospitali ikaleta madaktari, kampuni ya simu ikaleta mafundi wa kompyuta, wote wakae chumba kimoja watengeneze vifaa vya kumtibu mtu aliye mbali. Wazo lenyewe silipingi, maana nani asiyejua mtu aliyefia njiani? Lakini vifaa vinahitaji kujaribiwa, na mgonjwa wa kweli hana muda wa majaribio. Wakamtafuta wa kuigiza. Mama mdogo akapewa kitanda, kamera na sheria moja tu: asitoke kwenye ugonjwa wake mpaka msimamizi apige makofi.

Aliipenda kazi ile kuliko cherehani. Leo pumu, kesho figo, na kila ugonjwa aliutia madoido. Siku moja alirudi akijigamba kwamba daktari wa upande wa pili wa kamera amempa pole kwa mimba iliyoharibika, na yeye ana wajukuu.

Kisha ikaja siku ya wageni, wale wanaofadhili. Nimeyaona yote kwenye video yao wenyewe, ndiyo maana hasira yangu haipoi. Alipangiwa pumu. Akaanza vizuri, akihema mabega juu. Ghafla akaacha kuhema, akautazama mkono wake wa kulia kama mali ya mtu mwingine. Kipimo alichofungwa kikawaka taa nyekundu na kuanza kulia.

"Mkono hauinuki," alisema, na ulimi ulikuwa mzito.

Daktari kwenye skrini alitabasamu, akasema leo mgonjwa wetu ameongeza chumvi. Wageni wakacheka. Msimamizi akaona kelele inamwaibisha, akakizima kipimo na kuwaambia wageni kwamba bado kina hitilafu ndogo ndogo. Mama mdogo hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya msimamizi, na mikono hiyo ilikuwa imeshika kipaza sauti.

Chumba kile kilijaa madaktari! Wodi ya dharura ilikuwa chini ya sakafu waliyosimamia, ngazi tu. Wakaenda kunywa chai. Mpagazi aliyeingia kupanga viti ndiye aliyemwona udenda ukimtoka, akambeba mgongoni kumshusha. Kiharusi hakingoji watu wamalize chai, kwa hiyo mkono haukurudi, na cherehani sasa imefunikwa shuka pale ukumbini.

Juzi msimamizi alikuja nyumbani na matunda. Alitoa pole, akakaa, akazungukazunguka, kisha akatoboa. Wamekipitia kipimo, na kumbe hakikuwa na hitilafu hata kidogo. Kilikuwa kimegundua kiharusi kabla ya mtu yeyote mle chumbani. Wangependa kuionyesha video ya siku ile kwa wafadhili, kama mama ataridhia, kwa sababu ni ushahidi mkubwa kwamba kifaa kinafanya kazi.

Nilisimama nimtoe nje na matunda yake. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba kifaa chake kina akili kuliko yeye, na ningeendelea, lakini mama mdogo alininyamazisha kwa mkono wake mzima. Maneno siku hizi humtoka moja moja, na mdomo umepinda upande.

"Mwanangu," alimwambia, "piga makofi kwanza. Mimi bado nasubiri."