Cherehani Iliyohamishwa Mara Mbili

Binti yangu wa pili ni fundi cherehani. Nalitaja hilo kabla ya ugonjwa kwa sababu ndivyo anavyotaka atajwe. Anashona suti za kike, na kola zake hukaa shingoni bila kukunjamana. Marehemu baba yake, aliyekuwa mkaguzi wa shule, alizoea kusema mtoto huyu hana mkono, ana rula.

Alipofika miaka ishirini na tisa vidole vilianza kumvimba asubuhi. Hakuweza kutunga uzi kwenye sindano mpaka aviloweke katika maji ya uvuguvugu. Kisha likaja baka jekundu, shavu hadi shavu kupitia juu ya pua, mithili ya kipepeo aliyetua usoni. Akawa anaamka amechoka.

Mtaa ukapata la kusema. Wifi yangu alikuja na kitambaa cha suti, akamtazama binti usoni, akakirudisha mfukoni.

"Wifi, mtoto ungemkanya mapema. Mkorogo wa kujichubua haumwachi mtu salama."

"Mkorogo haujaingia nyumba hii."

"Kama si mkorogo, basi ni maradhi ya kuambukiza. Chagua mwenyewe."

Sikuchagua. Niliitoa cherehani chumba cha nyuma nikaiweka barazani, njia ikiwa mbele yake, ili kila apitaye amwone mwanangu kazini, uso wazi, ajue kwamba hatufichi mtu. Jua lilimpiga tangu asubuhi hadi saa sita.

"Mama, jua linaniunguza."

"Vumilia, mwanangu. Watu huamini wanachokiona."

Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi alikuwa na homa, miguu imejaa maji, na mkojo wake una povu. Tukaenda hospitali.

Daktari, mwanamke wa umri wake, alisubiri vipimo vya damu na mkojo ndipo akatuketisha. Ugonjwa huo, alisema, unaitwa lupasi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imekosea adui. Inazishambulia tishu unganishi, yaani zile nyuzinyuzi zinazoshikilia ngozi, viungo na mishipa, na sasa imegusa figo.

Binti akafikiri kidogo. "Kwa hiyo, daktari, nguo haina kasoro, ila mkasi wangu mwenyewe ndio unaofumua mishono?"

Daktari akacheka. "Fundi, umenipunguzia maneno. Ugonjwa huu hauambukizi, na hujajiletea. Dawa hazitauondoa; zitautuliza, ukizinywa kila siku bila kuruka. Na jua ulikimbie, maana ndilo linalouchokoza. Siku hizi umekuwa ukikaa wapi?"

Binti akatazama viatu vyake. Alikuwa ananisitiri mimi.

"Barazani," nikasema. "Nilimweka mimi."

Tuliporudi nyumbani nilitaka cherehani ifunikwe mwaka mzima, apumzike.

"Mama, ukiifunika hiyo, nifunike na mimi."

Tukairudisha chumba cha nyuma, tukatundika pazia zito na kufunga taa juu ya meza. Alijishonea gauni la mikono mirefu, na kofia pana anayovaa hata akienda dukani. Wateja wawili wakataka kofia kama hiyo. Zipo siku anazomaliza suti nzima. Zipo nyingine anazoshona pindo moja, akalala, na hamwombi mtu radhi.

Mwezi wa tatu tangu tutoke hospitali, wifi yangu akapita tena, mfuko uleule kwapani. Akaiona baraza tupu.

"Enhe! Sasa mmemficha nyuma?"

Miaka yote nimelilinda jina la mume wangu kwa kunyamaza. Siku ile nilisimama mlangoni, nikapaza sauti ile niliyofundishia darasani, hata wapita njia wakageuka.

"Ana lupasi. Hauambukizi, wala si mkorogo. Nilimweka juani ili kuwaziba watu midomo, nikamzidishia. Huko uendako, wifi, liseme lote hivyo hivyo, usinipunguzie hata neno."

Sauti ikatoka chumba cha nyuma:

"Shangazi, ingia nikupime! Umenenepa, ama macho yangu?"

"He! Mwili umeugua, ulimi mzima!"

Lakini aliingia. Nikasikia mfuko ukifunguliwa, kitambaa kikitandazwa mezani.

"Wiki tatu, shangazi, si moja. Vidole ndivyo vinavyopanga siku hizi."

"Nitangoja," wifi yangu akasema. "Na kola usiniharibie."

"Kola zangu unazijua."